Familia ya Kiislamu na fukwe za San Diego

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeitiisha bahari kwa manufaa ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Mpenzi msomaji, nimeletewa barua na mama mmoja, mzaliwa wa mwambao wetu huu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi na mumewe na watoto wao wanne katika jiji la San Diego, jimbo la California, nchini Marekani. Kila ifikapo majira ya joto, mumewe huwachukua watoto wawili wa kiume siku ya Jumamosi akaenda nao ufukweni. Mama na mabinti zake wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 9, hubaki nyumbani. Sababu anayopewa ni moja: ufukweni kuna uchi, na mwanamke wa Kiislamu hana shughuli penye uchi. "Sheikh wetu," anaandika, "mimi nimezaliwa nikisikia mawimbi. Hapa naishi mwendo wa nusu saa kutoka baharini, na binti yangu mdogo bahari anaijua kwa picha tu. Je, ni haramu kwetu sisi kuiona?"

Swali hili si la nyumba moja. Katika mtaa wa City Heights wa jiji hilo wamejaa ndugu zetu Wasomali, walioanza kufika kwa wingi miaka ya 1990 baada ya vita vya nchi yao, na miongoni mwao wapo waliokulia Kenya, katika miji na katika kambi za wakimbizi, ambao Kiswahili wanakisema kama sisi. Na hata huku kwetu, ni nyumba ngapi ambazo baba na wavulana huenda pwani kuogelea siku ya Idi ilhali wanawake wanabaki na masufuria? Kwa hiyo nimeona nijibu kwa kirefu, na kwa kuwa mji huo nimepata kuupitia, nitawataja baadhi ya mahali kwa majina, ili jawabu lisiwe la hewani.

Amri ya kuinamisha macho ilianza na nani?

Tuanze na hoja ya mume, maana ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba katika fukwe za California watu huvaa vazi lisilositiri, na ni kweli kwamba Muislamu ameamrishwa kujiepusha na kutazama yaliyoharamishwa. Lakini hebu tuifungue Sura ya 24, Surat Nnur. Aya ya 30 inawaamuru waumini wanaume wainamishe macho yao na wazilinde tupu zao. Ni katika aya inayofuata, ya 31, ndipo wanawake wanapoamrishwa mfano wa hayo pamoja na hukumu za mavazi yao. Wanaume ndio waliotangulizwa. Sasa baba anayesema kuwa pahala fulani pana uchi mno, kisha akaenda yeye mwenyewe na wavulana wawili waliokwisha kubaleghe au walio karibu kubaleghe, akawaacha nyumbani wale ambao macho yao hayakuwa na shauku na uchi huo, huyo ameigeuza aya juu chini. Ikiwa pahala hapafai, basi hapafai kwa wote, na wa kwanza wa kuzuiwa ni yeye na wanawe. Na ikiwa pana namna ya kwenda bila ya kuingia katika haramu, namna hiyo ni ya familia nzima.

Mtume (S.A.W.) hakuwa mtu wa kujifurahisha peke yake akaisahau nyumba yake. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Wahabeshi walipokuwa wakicheza na mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, yeye alisimama akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) kwa shuka yake ili atazame, na hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipochoka. Zingatia, ndugu msomaji: hakumwambia kuwa pale pana wanaume, arudi ndani. Alisimama naye, akamsitiri, akampa muda wake. Na Abu Daud amepokea kwamba walipata kushindana mbio wakiwa safarini, mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na mara ya pili, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, Mtume (S.A.W.) alimshinda.

Kuhusu bahari yenyewe, ipo habari ya Umm Haram binti Milhan (R.A.), nayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alilala nyumbani kwake, akaamka akicheka, akamweleza kuwa ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao vya enzi. Umm Haram hakusema kuwa bahari ni ya wanaume. Aliomba aombewe awe miongoni mwao, naye akaombewa. Mwaka 28 Hijria alisafiri na jeshi la Waislamu kwenda kisiwa cha Cyprus, na huko ndiko alikofia, akaanguka kutoka juu ya mnyama wake. Kaburi linalonasibishwa naye liko karibu na mji wa Larnaca, na huzuiriwa mpaka leo. Basi mwanamke aliyeomba dua apelekwe baharini aliombewa na Mtume, na sisi tunambishia wa kwetu anayeomba kupelekwa ufukweni!

Pana mtu atasema: yule alikwenda jihadi, huyu anataka matembezi. Sawa. Lakini matembezi nayo yana mahali pake katika dini. Sura ya 29 aya ya 20 imetuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Na Hanzala (R.A.) alipolalamika kuwa imani yake hupungua akiwa na mkewe na watoto, Mtume (S.A.W.) alimwambia, katika hadithi iliyo kwa Muslim, maneno yenye maana kwamba kila jambo na saa yake.

Kuna nini San Diego?

Jiji la San Diego liko pembezoni kabisa mwa Marekani, kusini-magharibi, likipakana na Mexico. Kapteni Juan Rodríguez Cabrillo, aliyetumwa na Wahispania, alitia nanga katika bandari yake tarehe 28 Septemba 1542, na kwa ajili ya jina lake ipo hifadhi juu ya rasi ya Point Loma. Hapo pana mnara wa zamani wa kuongozea meli, uliowashwa mwaka 1855. Ulijengwa juu sana, kiasi cha mita 129 kutoka usawa wa bahari, na ikawa mara nyingi ukungu na mawingu huuficha mwanga wake usiwafikie mabaharia. Mwaka 1891 ukazimwa, ukajengwa mwingine chini karibu na maji.

Mahali hapa pa Cabrillo ndipo ningependa familia ianzie. Chini ya rasi, upande wa magharibi, yapo majabali ambayo maji yakipwa huacha visima vidogo vidogo. Ndani yake mtoto ataona viti vya pweza, kaa waliojificha katika makombe ya wenzao, na viumbe laini kama maua vinavyojikunja ukipitisha kivuli. Watu wa mwambao wanajua bamvua ni nini, hawahitaji kufundishwa. Lakini jambo la kufurahisha ni kwamba kule California maji yanayopwa sana wakati wa mchana huja majira ya baridi, hasa Novemba mpaka Februari, mara nyingi alasiri. Ni miezi ambayo hakuna anayeota jua. Aliyeko hapo amevaa koti, na mkewe wa Kiislamu amevaa koti, na hakuna wa kumshangaa mwenzake. Kinachotakiwa ni viatu visivyoteleza na kutokuokota chochote, kwani ni hifadhi ya taifa.

Majira hayo hayo, kuanzia katikati ya Desemba mpaka Aprili, nyangumi wa kijivu hupita mbele ya rasi hiyo wakitoka bahari za Aktiki kwenda kuzaa katika ghuba za Baja California, Mexico, kisha hurudi. Safari yao ya kwenda na kurudi hufika kilomita 16,000 hadi 20,000. Baba anayewasomesha watoto kisa cha Nabii Yunus (A.S.) kutoka katika Surat Assaffat atapata wapi darasa kubwa kuliko hilo?

Upande wa kaskazini wa mji iko La Jolla, ambayo wenyeji huitamka "La Hoya" kwa matamshi ya Kihispania. Pana kisa hapa ambacho naona kinafaa kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1931 bibi mmoja tajiri, Ellen Browning Scripps, aligharimia ukuta wa zege uliozuia mawimbi, ili watoto wapate mahali salama pa kuogelea. Pakaitwa Bwawa la Watoto. Ilipofika miaka ya 1990, sili wa baharini walipaona ni pazuri wakahamia, wakaanza kuzaa juu ya mchanga ule. Watu wakagawanyika: kuna waliosema bwawa ni la watoto kwa mujibu wa wakfu wake, na kuna waliosema mnyama aliyekimbilia hapo asisumbuliwe. Kesi zikaenda mahakamani miaka mingi. Mwishowe ikaamuliwa kuwa kila mwaka, kutoka Desemba 15 mpaka Mei 15, wakati wa kuzaa, watu wasishuke ufukweni. Vilevile tangu 2023 ncha ya jabali la Point La Jolla, wanakolala simba-bahari, imefungwa kwa watu mwaka mzima. Nimewaona wazazi, na baadhi yao ni wenzetu, wakimsukuma mtoto asogee karibu na mnyama ili apigwe picha. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1972 inayowalinda wanyama wa baharini inakataza kuwasumbua. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume wetu (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Waangalieni kutoka juu ya ukuta, inatosha, na harufu yao mtaipata hapo hapo.

Bustani ya Balboa, katikati ya mji, ilipata majengo yake mazuri kutokana na maonyesho makubwa ya mwaka 1915 na 1916, yaliyoandaliwa kusherehekea kufunguliwa kwa mfereji wa Panama. Atakayeyatazama kwa makini, nguzo zake, vigae vyake na nyua zake, ataona athari ya Andalusia, iliyofika huko kwa njia ya Hispania na Mexico. Kutembea nje hakuna kiingilio. Bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1916 imo humo humo, nayo tiketi zake ni ghali kwa familia yenye watoto wengi, ingawa kwa miaka mingi imekuwa desturi yao kuwaingiza watoto bure mwezi wa Oktoba. Kwa mtu wa kwetu kulipa fedha nyingi ili amwone twiga ni jambo la kuchekesha kidogo. Hata hivyo, wanayo kazi wanayoifanya kwa wanyama wanaotoweka. Faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Nola alifia katika hifadhi yao ya Escondido Novemba 2015, na alipokufa yule dume Sudan huko Ol Pejeta, Kenya, mwezi Machi 2018, wakabaki majike wawili tu wa aina hiyo.

Gatini imefungwa manowari kubwa, USS Midway, iliyogeuzwa makumbusho mwaka 2004. Wavulana huipenda mno. Siwakatazi, lakini baba awaeleze watoto habari nzima: kwamba meli hiyo ilibeba wakimbizi zaidi ya 3,000 wakati Saigon ilipoanguka Aprili 1975, na kwamba mwaka 1991 ndege za vita ziliruka kutoka juu yake kwenda kupiga Iraq. Makumbusho hayana budi kusifu, mzazi anapaswa kukamilisha.

Pombe iliyofukuzwa na wapiga kura

Wengi wetu tunadhani kila ufukwe wa Marekani ni baa isiyo na paa. Habari za San Diego zitawashangaza. Zamani watu walikunywa kwa uhuru mchangani, mpaka Septemba 2007, siku ya mapumziko ya wafanyakazi, zilipozuka ghasia kubwa katika ufukwe wa Pacific Beach, polisi wakapambana na umati wa walevi. Baraza la mji likapiga marufuku pombe ufukweni kwa mwaka mmoja wa majaribio kuanzia Januari 2008. Kisha tarehe 4 Novemba 2008, siku ile ile alipochaguliwa Barack Obama, wakazi wa San Diego walipiga kura kuifanya marufuku hiyo iwe ya kudumu. Sigara nayo ilikwisha kukatazwa mwaka 2006. Wapiga kura wale hawakuwa Waislamu. Walikaa wakapima, wakaona kuwa madhara ya ulevi yameyazidi manufaa yake, hoja ile ile ya Sura ya 2 aya ya 219. Mimi nimekaa katika fukwe fulani za nchi zenye Waislamu wengi, ambako chupa zimelala mchangani kama makombe, nikaikumbuka kura hiyo kwa wivu.

Pamoja na hayo, kuchagua mahali ni lazima. Mission Beach na Pacific Beach, Jumamosi ya Julai, saa za adhuhuri, si mahali pa familia ya Kiislamu. Msongamano ni mkubwa na vazi ni lile lile aliogopalo yule baba. Chini ya majabali ya Torrey Pines ipo sehemu iitwayo Black's Beach, ambako kwa miaka mingi watu wamezoea kukaa uchi wa mnyama. Naitaja kwa sababu mgeni huweza kuiingia bila kujua: huanza ufukwe wa Torrey Pines ulio wa heshima, akaenda kwa miguu kuelekea kusini, akajikuta katikati yao. Njia za juu, katikati ya misonobari ile adimu, ni nzuri na hazina tatizo hilo.

Kwa watoto wadogo, Mission Bay ni bora kuliko bahari ya wazi. Zamani palikuwa na kinamasi, pakachimbwa pakawa ghuba tulivu yenye majani ya kukalia pande zote, meza na majiko ya kuchomea nyama. Siku za kazi asubuhi, baada ya Alfajiri, hukuti isipokuwa wazee wanaokimbia na mbwa zao. Asubuhi za Mei na Juni ukungu hufunika pwani nzima mpaka mchana, watalii hununa na kuondoka. Kwa wenye kutafuta stara, ukungu huo ni neema.

Binti na maji

Nimesema kuhusu kuona. Je, kuogelea? Imam Nnasai amepokea hadithi inayotaja mambo manne ambayo hayahesabiwi kuwa upuuzi: mtu kwenda baina ya shabaha mbili akijifunza kulenga, kumfunza farasi wake, kucheza na ahali yake, na kujifunza kuogelea. Wapo wanaosoma hadithi hii kana kwamba imeandikwa kwa wavulana pekee. Bahari haimbagui anayezama.

Vazi la kuogelea linalositiri mwili wote isipokuwa uso, viganja na nyayo lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama wa Kiislamu wa Sydney, Australia, mji mwingine wa bahari hii hii ya Pasifiki. Mwaka uliofuata, Desemba 2005, katika ufukwe wa Cronulla mjini humo, umati uliwashambulia vijana wenye sura ya Kiarabu. Jawabu la baadhi ya Waislamu wa Sydney halikuwa kuukimbia ufukwe. Walijiandikisha mafunzo ya uokoaji, na binti mmoja, Mecca Laalaa, akafuzu kuwa mwokoaji akiwa amevaa vazi hilo. Ufaransa baadhi ya miji ililipiga marufuku mwaka 2016. California hakuna sheria ya namna hiyo.

Masheikh wenzangu wamehitilafiana juu ya vazi hili. Wanaolikataa husema likilowa hushikana na mwili. Hoja yao ni ya haki, nami naichukua kwa sharti: awe na kanzu pana au taulo kubwa tayari, akitoka majini ajifunike papo hapo, na achague mahali pasipo na watu wengi. Bora zaidi, akina mama wachangishane wakodi bwawa kwa saa maalumu za wanawake, mabinti wafundishwe humo, wakienda baharini wawe wanajua wanachokifanya. Na baba asisahau: uchi wake ni baina ya kitovu na magoti. Zile suruali fupi zinazoishia nusu ya paja hazikuhalalishwa kwa sababu mvaaji ni mwanamume.

Mama aliyeniandikia ameuliza pia kama alipata dhambi siku moja alipokwenda La Jolla na jirani yake na mabinti bila kumwarifu mume. Ingelikuwa bora amwambie, kwa kuwa nyumba husimama juu ya ukweli. Lakini mume naye ajue kwamba ruhusa si rungu. Akiombwa jambo la halali na akalikataa bila sababu, wakati yeye analifanya kila wiki, amekwenda kinyume na kukaa nao kwa wema kulikoamrishwa katika Sura ya 4 aya ya 19. Ampelekee makala hii, na wakipenda waniandikie wote wawili.

Bahari isiyofanana na yetu

Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa hudhani anaijua bahari. Pasifiki ya California ni baridi, kwa kuwa mkondo wake hutoka kaskazini: majira ya baridi maji huwa kiasi cha sentigredi 14 au 15, na hata Agosti ni 20 au 21 hivi. Wacheza mawimbi huvaa vazi zito la mpira, si kwa stara bali kwa baridi. Pili, hakuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika kama kwetu, kwa hiyo huja na nguvu zote, na maji yanayorudi hujikusanya yakawa mto unaokokota watu kuelekea kilindini. Aliyekokotwa asishindane nao. Aogelee sambamba na pwani mpaka autoke, kisha arudi. Akishindwa, aelee na kuinua mkono. Ogeleeni mbele ya mnara wa waokoaji tu, na muulizeni mwokoaji kabla ya kuingia. Mavazi mapana yakijaa maji huwa mazito, jambo ambalo dada zetu wenye mabuibui wanapaswa kulikumbuka hata wakisimama magotini tu.

La Jolla Shores wapo taa wengi, wamejizika mchangani kwenye maji machache. Burura nyayo zako unapotembea, watakukimbia. Ukichomwa, mguu hutiwa katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na waokoaji wanayo. Pia msikae wala kutandika chini ya magenge. Mwezi Agosti 2019 huko Encinitas, kaskazini mwa San Diego, genge lilianguka likaua watu watatu wa familia moja waliokuwa wamekaa ufukweni.

Kusini kabisa, Imperial Beach, maji taka yanayoshuka na mto Tijuana kutoka upande wa Mexico yameiharibu bahari. Kufikia 2024 sehemu ya ufukwe huo ilikuwa imefungwa zaidi ya siku 1,000 mfululizo. Mtu ataniuliza: si maji ya bahari ni tahara daima? Ndiyo, hadithi ya Abu Huraira (R.A.) imesema maji yake hutoharisha na mfu wake ni halali. Lakini mafakihi wamekubaliana kuwa maji, hata yakiwa mengi, yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi, huwa najisi. Na kujiletea maradhi hakujuzu, hata kama hayajabadilika. Likiwekwa tangazo la kufunga, litiiwe.

Chakula na swala

Samaki wa bahari ni halali kwa mujibu wa Sura ya 5 aya ya 96, na kwa sababu hiyo wengi huviendea vibanda vya chakula cha Kimexico bila ya kuuliza. Chakula mashuhuri cha mji ni samaki wa kukaanga aliyekunjwa katika mkate mwembamba wa mahindi. Ulizeni mambo matatu: je, unga aliopakwa samaki umekorogwa kwa bia, kwani ni kawaida yao, je, mafuta yamekaangiwa nyama ya nguruwe, na maharage je, hayakuungwa kwa mafuta ya nguruwe? Muuzaji hakasiriki akiulizwa. Samaki wa kuchoma humaliza mjadala.

Swala ndiyo iliyowapotea wengi. Mwezi Juni jua la San Diego huzama saa 2:00 usiku, na Isha huingia kama saa 3:30. Mtoto wa kwetu aliyezoea Magharibi ya saa 12 na nusu hucheza akidhani bado ni alasiri. Desemba mambo hugeuka: Adhuhuri huingia kabla ya saa 6, Alasiri kama saa 8:30, na jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Pangeni matembezi kwa vipindi hivyo. Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu, mchanga wa bahari ni tahara, na udhu kwa maji ya bahari unasihi. Mafuta ya kujikinga na jua yakiwa yanaacha utando unaozuia maji, yaondolewe kwanza.

Kibla huwatatiza wageni. Ukiitazama ramani ya ukutani utadhani Makka iko kusini-mashariki ya Marekani. Dunia ni mviringo, na njia fupi zaidi kutoka San Diego huelekea kaskazini kwa kuinama mashariki, takriban digrii 25, na ndivyo inavyoelekea misikiti mingi ya huko. Dar es Salaam sisi huelekea karibu kaskazini kamili, bahari ikiwa kuliani mwetu. Huko nawe utaelekea kaskazini, lakini bahari itakuwa kushotoni.

Kupunguza swala ni kwa msafiri. Anayeishi City Heights akaenda La Jolla hakusafiri. Ni mwendo wa kilomita kama 20, atimize rakaa nne na kila swala kwa wakati wake. Anayetoka Los Angeles, kilomita zaidi ya 180, huyo ni msafiri, naye apunguze na akusanye akitaka. Ama bibi aliyetoka huku kwenda kumwona mwanawe kwa miezi mitatu, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi amekwisha nuia kukaa zaidi ya siku nne, kwa hiyo akifika tu hukumu yake ni ya mkaazi. Atasali kamili, hata siku atakayopelekwa kuwaona simba-bahari.

Wallahu aalam.